Ulevi wa Baba

Milimani, Nakuru
18 Agosti 1957

Kwako ndugu yangu mpendwa Kiplangat,

Salamu nyingi zikufikie huko Sotik ukiwa mzima wa afya, wewe na mke wako Zeddy na huyo mtoto ambaye hatujamwona bado. Natumaini meno yameota salama na kwamba usiku anawaacha mlale, maana ukoo wetu una sifa ya kulia hadi majirani wahame. Na wanafunzi wako je, bado wanakuogopa? Mimi hapa sijambo. Memsahib wangu ni mkali lakini hana kinyongo, na watoto wake wamenizoea mpaka yule mdogo amejua kutukana kwa Kikipsigis. Sikumfundisha mimi. Huko nyumbani Rongai, kwenye shamba la Bwana Kofia, mvua imenyesha vizuri, mahindi yamesimama, na ng'ombe wetu wote wako salama.

Umeona nimetaja ng'ombe kabla ya wazazi, na wewe si mtu wa kuzungushwa. Baba ameanguka. Usishtuke, yu hai. Yuko hapa Nakuru hospitalini, mfupa wa nyonga umevunjika, na daktari anasema akitembea tena itakuwa kwa magongo. Mama yuko karibu naye. Analala Bondeni kwa Njoki, yule mama wa kanisa aliyekuwa akiuza mboga pale stesheni, na kila asubuhi anakwenda wodini na chupa ya chai.

Najua unachowaza sasa. Umeiweka barua mezani, umemtazama Zeddy na kumwambia kwamba ulisema, na kwamba pombe hatimaye hudai chake. Nakuomba uichukue tena uisome mpaka mwisho, hata kama utaisahihisha kwa wino mwekundu kama ulivyofanya na barua zangu za shule. Nimekaa na habari hizi zaidi ya wiki nikitafuta njia nyepesi ya kukuambia, nikaikosa.

Ilikuwa siku ya josho. Unajua kazi ile ilivyo: ng'ombe wanasukumwa katika kile kichochoro cha mbao, wanaruka majini mmoja mmoja, wanaogelea na kutokea upande wa pili. Baba, kama kawaida yake ya unyapara, alisimama ukingoni, penye simenti, akiwahimiza wale waoga. Pale ukingoni palikuwa na nguzo ambayo siku zote alikuwa akiishika kwa mkono wa kushoto. Juma lile fundi alikuwa ameing'oa kwa sababu imeoza. Hakuna aliyemwambia Baba, kwa kuwa nguzo iliyong'olewa ni jambo la kuonekana na kila mtu. Akanyoosha mkono, akashika hewa, nyonga ikapiga simenti na mwili ukatumbukia katika maji ya dawa pamoja na fahali. Kipsang, yule anayekama naye, ndiye aliyemvuta nje na kumwosha macho na kinywa upesi kabla ile sumu haijamdhuru. Bwana Kofia akampakia kwenye pikapu yake katikati ya mikebe ya maziwa, wakaja mjini. Na Kipsang ananiambia kwamba hata kabla pikapu haijatoka langoni, watu walikuwa wamekwisha sema kwamba leo Mzee amekunywa mpaka ng'ombe wameona haya.

Hata mimi niliposikia, Mungu anisamehe, nilisema hivyo hivyo. Nilimwomba memsahib ruhusa huku uso umeniiva kwa aibu.

Lakini daktari wa mifupa aliona jambo. Asubuhi alikuja kwa upande wa kulia wa kitanda, akamnyooshea Baba mkono wa salamu kama wanavyofanya wao, na Baba akabaki kimya akitazama mbele. Daktari akadhani mzee ana kiburi. Akazunguka akasimama miguuni pa kitanda, na Baba akatabasamu na kumsalimu vizuri kama mtu aliyeingia sasa hivi. Yule Mzungu akakuna kichwa. Jumatano, daktari wa macho anayekuja kutoka Nairobi alipofika, alimleta pale kitandani.

Nilikuwapo, kwa hiyo hili nakueleza nililoliona kwa macho yangu. Daktari wa macho alimfunga Baba jicho moja kwa kiganja, akamwambia amtazame puani, asihamishe macho. Kisha akainua kidole chake kwa mbali pembeni na kukisogeza polepole kuelekea katikati, akimwomba Baba aseme akikiona. Mimi nilikuwa nyuma ya Baba, nikakiona tangu kilipoinuliwa. Kidole kikasogea, kikasogea. Nilitamani kumwambia Baba, ndicho hicho, sema. Kilikuwa kimekaribia kabisa pua ya daktari ndipo Baba akasema sasa nakiona. Wakajaribu upande wa pili, na juu, na chini, ikawa vile vile, na chini ndiko kulikokuwa kubaya kuliko kote.

Ugonjwa huo wanauita glakoma. Daktari alieleza kupitia kwa nesi, na mimi nikamwuliza tena na tena mpaka nikaelewa. Ndani ya jicho kuna maji, na maji hayo yakikosa njia ya kutoka yanalikandamiza jicho kwa ndani. Haliumi, wala halina usaha, wala haligeuki rangi. Linakufa kuanzia pembeni, kidogo kidogo, na katikati huwa mwisho. Ndiyo maana Baba aliweza kumtambua ng'ombe aliyesimama mbali mbele yake na asimwone ndama aliyelala miguuni. Daktari alisema anaona kama mtu anayechungulia kupitia mdomo wa kibuyu. Akasema wagonjwa wa namna hii huanguka sana: kwenye ngazi, kwenye mitaro, kwenye magogo, na zaidi wanapotoka juani na kuingia nyumba yenye giza. Mara nyingi watu hudhani ni wazembe. Nesi alipofasiri neno hilo alinitazama, maana Kipsang alikuwa amekwisha mweleza yeye na wodi nzima kwamba mgonjwa ni mlevi.

Kiplangat, nilitoka nikaenda kukaa kwenye nyasi nje ya wodi, na kila kitu kikaanza kupita mbele yangu.

Nilimwona Baba akimpita mke wa mchungaji aliyemnyooshea mkono, na mama yule akisema uzee wa kanisa umempanda mzee kichwani. Nilimwona akijikwaa kwa kamba ya ndama pale kwetu, mahali alipofunga kamba hiyo kwa mkono wake. Nikaikumbuka ile Jumapili ya Meza ya Bwana, alipokuwa amebeba sinia ya vikombe, na ile ngazi moja, moja tu, iliyoko mbele ya kanisa. Vile vikombe vidogo vya kioo vilivyotoka Ulaya vilivunjika vyote. Wazee wenzake walimwita pembeni wakamwuliza kama amekunywa. Akakiri kwamba ni kweli, alikunywa. Tangu siku ile aliketishwa benchi la nyuma pamoja na wanaotubu, yeye aliyebeba mawe ya kulijenga kanisa lile. Mama alilia. Wewe ulikuwa chuoni, nami ndiye niliyekuandikia.

Na siku yako, ile Krismasi ya kumaliza chuo. Sitaki kuirudia lakini ni lazima. Wazazi wa Zeddy wamekuja, wameketishwa kwa heshima, na Baba anatoka nyumbani na kibuyu cha maziwa ya mursik ambacho Mama alikihifadhi kwa ajili yao peke yao. Anatoka gizani anaingia juani. Baba mkwe wako alikuwa amenyoosha miguu. Maziwa yote yakamwagika juu ya miguu ya mkwe, kibuyu kikapasuka, na Baba akaanguka kifudifudi mbele ya watu waliokuja kutuomba undugu. Harufu ya busaa ikasikika katika koti lake. Wewe ukasimama ukasema mbele ya wote kwamba mlevi huyu si baba yako, na kwamba hutakanyaga pale mpaka aache pombe. Ndipo Baba mdogo akasimama badala yake katika mambo yote ya harusi. Sikulaumu. Nilikuwa pale, nami moyoni nilikuwa upande wako. Hakuna aliyekuwa upande wa Baba siku ile isipokuwa Mama, aliyeinama akaokota vipande vya kibuyu.

Sasa, wewe ni mwalimu, umekwisha uliza swali ambalo nami niliuliza. Kama hakuwa mlevi, ile harufu ilitoka wapi? Na mbona alikiri mbele ya wazee?

Nilimwuliza mwenyewe. Akageuza uso ukutani. Mtu aliyevunjika nyonga hana mahali pengine pa kwenda. Nikamfuata Mama Bondeni, nikamkuta anamsaidia Njoki kuchambua maharagwe, nikamwambia sitatoka mpaka anieleze. Unamjua Mama, hasemi kitu mpaka mikono yake iwe na kazi. Alichambua mpaka ungo ukajaa, kisha akanieleza.

Unamkumbuka Mzee Kipkemboi aliyekuwa mkamaji mkuu, ambaye macho yake yaliingia ukungu mweupe? Bwana Kofia alimpa mkono, akampa blanketi, akamwambia kwamba mtu asiyeona hawezi kuandikwa kazi tena, na asiyeandikwa kazi hana ruhusa ya kukaa shambani wala kulisha mifugo. Aliondoka na ng'ombe wake kabla mwezi haujaisha. Wengine aliwauza barabarani kwa bei ya mbuzi, na watoto wake wakatoka shule. Baba aliyaona yale. Na wakati ule ule ndipo alipoanza kugundua kwamba vitu vya pembeni vinampotea. Wewe ulikuwa umeingia chuoni tu, na karo yako ilitoka katika maziwa na mitamba iliyokula nyasi za Bwana Kofia.

Kwa hiyo akajifunza shamba kwa mikono na miguu. Alijua nguzo zote, mashimo yote, na mlango wa kila zizi. Ng'ombe aliwajua kwa kukohoa. Lakini alianguka, na watu wakacheka, wakasema amelewa. Mama anasema jioni hiyo Baba alirudi nyumbani akiwa amechangamka kama mtu aliyeokota kitu. Akamwambia kwamba nyapara mlevi hutukanwa, hukatwa posho, na Jumatatu hurudi kazini. Wazungu wanaujua ulevi, wanao wenyewe. Kipofu ndiye asiye na Jumatatu. Watu walikuwa wamempa kichaka cha kujificha bila yeye kuomba, naye akaingia humo.

Ile busaa ilinunuliwa na Mama. Naam, Mama yetu, mwenye kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa. Kila Jumamosi alikuwa akienda na birika kwa Nasimiyu, yule mpika pombe wa kule kwenye laini za nyumba za wafanyakazi, na akirudi alikuwa akiimwaga kidogo kwenye ukosi wa koti la Baba. Iliyobaki aliwapa nguruwe wa Bwana Kofia. Nasimiyu aliamini kwamba mnywaji ni Mama mwenyewe, na siku moja alimshauri kwa upole awe anakula kwanza. Mama aliponieleza hilo tulicheka mpaka Njoki akaja kutazama, kisha tukalia.

Nikamwuliza Mama, kanisa je, kulikuwa na haja gani ya kulidanganya? Akanijibu kwamba wazee wa kanisa wote wanafanya kazi kwa Bwana Kofia au kwa jirani zake, na siri ya watu kumi na wawili ni tangazo. Nikamwambia basi na Kiplangat je? Alipomaliza chuo, akapata kazi, karo ikaisha, kwa nini hakuambiwa? Hapo Mama aliacha maharagwe.

Alisema Baba alikuwa amepanga kukuambia siku ile ile ya Krismasi, wageni wakishaondoka. Alitaka kukuita zizini akuambie umemaliza, sasa najiuzulu, unichukue. Badala yake yakatokea yale yaliyotokea, na ukayasema uliyoyasema mbele ya wakwe. Usiku ule Mama alitaka akufuate njiani akueleze. Baba akamkataza. Alisema mtoto akimtukana mlevi ametukana pombe, na pombe haina laana. Lakini akimkana baba aliye timamu mbele ya wakwe, neno hilo halifi. Lina njia ya kumrudia, yeye na watoto wake. Basi na iwe alikuwa mlevi. Akaendelea kuvaa lile koti miaka hii yote, hata baada ya karo kwisha, ili neno lako lisikosee.

Mimi na wewe tumesoma shule za misheni na tunajifanya hatuogopi mambo hayo. Baba anayaogopa. Kwa ajili yako.

Amenikataza kukuandikia haya, na Mama pia. Nilikuwa tayari kumtii. Lakini yule daktari wa macho alipomaliza na Baba aliuliza watoto wake wako wapi. Alisema ugonjwa huu hutembea katika damu, na kwamba ndugu na watoto wa mgonjwa wapimwe hata kama hawaumwi popote, kwa sababu ukiwahi, matone ya dawa yanaweza kuuzuia, na ukichelewa, kilichokwenda hakirudi. Mimi alinipima pale pale. Macho yangu ni mazima kwa sasa. Wewe umebaki. Ningekuandikia kwamba ukapimwe macho bila kukuambia sababu, ungenicheka na kuitupa barua. Na mwaka jana Zeddy alinitajia kwa mzaha kwamba siku hizi unagonga bega kwenye mihimili ya milango, akasema ni ukubwa wa mwalimu. Huenda ni haraka zako tu. Nakusihi uje daktari akuinulie kidole.

Tena njoo kwa sababu nyingine. Daktari ameanza kumtia Baba matone, lakini amesema wazi kwamba ni ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo. Hajui kama ni miezi au mwaka. Bwana Kofia amekuja kumwona mara moja. Alisimama na kofia yake mkononi, akasema amesikitika, na kwamba familia inaweza kukaa mpaka mahindi yavunwe. Baada ya hapo Mama anafikiri wataenda kwa mjomba huko Bomet na ng'ombe watakaoweza kutembea. Mchungaji naye alikuja. Nilimweleza yote, naye alikaa kitini pale akiigeuzageuza Biblia mikononi mpaka kengele ya kuondoa wageni ikalia. Sikumhurumia kama nilivyopaswa. Nilikuwa nikijihurumia mwenyewe, kwa zile Jumapili nilizokaa mbele nikijifanya simjui mzee wa benchi la nyuma. Najuta, Kiplangat. Najuta kwamba katika nyumba nzima ya watu wenye macho hakuna aliyemtazama akitembea akajiuliza ni mlevi gani huyu anayeanguka asubuhi kabla ya chai na kuzungumza sawasawa.

Ukija, usiingie ukakaa ubavuni pa kitanda kama wageni wanavyofanya, hatakuona, na atadhani hukuja. Simama miguuni pake, katikati, penye mwanga wa dirisha, na umshike mtoto juu kifuani ili nyuso zenu ziwe pamoja. Kisha usiondoke mahali hapo upesi. Na nakuomba usimwambie kwamba unajua. Hilo nakuachia, wewe ni mkubwa, lakini nafikiri hataweza kulibeba.

Mama anakusalimu sana na anamsalimu Zeddy, anasema aendelee kumfunika mtoto kifua kwa sababu ya baridi ya Sotik. Njoki anakusalimu. Kipsang pia, ambaye tangu ajue habari hii amekuja hospitalini mara mbili na hajui aweke wapi mikono yake.

Baba anakusalimu. Nilipomwambia kwamba nakuandikia barua aliuliza nimeandika nini, nikamdanganya kwamba ni habari ya mguu tu. Akafikiri, akaniambia niongeze neno moja kutoka kwake, nikuandikie kwamba ameacha pombe.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Chepchirchir